Digrii Hamsini Kutoka Kaskazini

Jumatatu, 4 Machi 1985
Ijulikane rasmi: kuanzia leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kiti chenye mto hapa ofisini ni changu. Kisilu, kibarua mwenzangu, alichelewa. Shauri yake.

Vibarua ni wawili, nafasi ya kudumu ni moja. Bwana Andati, mkubwa wetu, ataamua Ijumaa. Atakayekosa anaenda nyumbani. Mimi kwangu, mtaa wa Umoja, nina watoto wanne.

Kazi ni hii. Puto la hali ya hewa likianguka, kisanduku chake cha vipimo huendelea kulia redioni. Mtambo wetu hugeuza mlio kuwa namba mbili, I na Q. Gawanya Q kwa I, tazama jedwali la tanjenti, umepata fezi. Fezi ndiyo pembe kutoka kaskazini. Gari hufuata pembe.

Kisilu huchora kila nukta kwenye karatasi ya miraba, kama anayetarizi kitambaa. Mimi sichori.

Jumanne, 5 Machi
Puto limeanguka. Kisilu ametumwa stoo. Bahati!
I: kutoa 0.52. Q: kutoa 0.62. Kutoa kwa kutoa ni kujumlisha, mwalimu alituchapa hadi tukaelewa. Alama nikaziacha. Digrii 50, kwa dakika mbili tu.

Gari limezunguka hadi jioni. Hakuna kitu. Bwana Andati amesema kisanduku kikipotea, mtu atapotea nacho. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeweka rula kwenye ramani. Mstari wa digrii 50 unapita mtaa wa Tena. Kisilu anakaa Tena.
Nimemnong'oneza Bwana Andati, kwa masikitiko makubwa, kwamba namba hazijui urafiki.

Alhamisi, 7 Machi
Tumekwenda kwa Kisilu na askari wa lango. Mkewe, Syombua, alikuwa anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Akatuambia tufunue na sufuria, baba zangu, huenda puto limeiva. Majirani wakacheka. Askari akafunua. Muthokoi.

Kisilu hakupaza sauti. Aliomba karatasi ya mtambo, akachora msalaba nyuma ya kalenda, akaweka nukta. I ya kutoa, chini. Q ya kutoa, kushoto. Kusini-magharibi. Akasema ukiacha alama, nukta mbili zilizopeana mgongo zinatoa jibu moja, na Wanyoike, yaani mimi, kachagua isiyokuwapo. Akaongeza kwamba mimi nikitumwa chooni natokea jikoni.


Ijumaa, 8 Machi
Kisanduku kimepatikana kusini-magharibi, ndani ya mbuga. Nyani alikuwa amekikalia.
Barua ya kudumu: Kisilu. Mimi: mwezi mmoja wa majaribio. Kisilu mwenyewe ndiye aliyeniombea. Natafuta hila yake tangu saa nne.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelichunguza kosa langu. Lilikuwa la digrii 180 kamili. Mwingine angekata tamaa. Mimi nimebuni kanuni: ukishagawanya, jumlisha 180. Kuchora kwa nini?

Kisilu yuko Machakos, amewapelekea wazazi barua waione. Puto limeanguka saa tatu. Nimetumia dakika moja na nusu: digrii 205. Gari limeondoka kwenda mbugani, Bwana Andati mwenyewe usukani mkononi.

I: 0.71. Q: 0.33. Alama ya kutoa hakuna hata moja. Juu, kulia.