Hotuba ya Kufunga Utafiti wa Vikope Usangu

Ko, ko, ko! Ndugu wananchi, sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu siku nilipokuja kuzindua utafiti huu, miaka miwili iliyopita, na Bibi Mbuke, yule pale mbele, akaligonga gari langu kwa fimbo akidhani ni mlango wa zahanati. (Kicheko.) Rangi ilichubuka, lakini nilimsamehe papo hapo, na msamaha huo umo kwenye muhtasari wa kikao.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Waheshimiwa Wajumbe, wachungaji, mapadre, wafugaji, wakulima wa mpunga, akina mama mnaotupikia, na mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Kanda wa Utafiti wa Kitabibu wa Uchunguzi na Tiba ya Magonjwa ya Macho, Bwana Liberatus: itifaki imezingatiwa, na kwa kuwa muda upo, nitaizingatia tena. (Miguno.)

Vikope, kama mnavyofahamu, hugeuza kope zikaingia ndani na kulikwaruza jicho mpaka linakufa, na tiba yake ni upasuaji mdogo tu, mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini sayansi haikurupuki. Tulianza na warsha ya siku tisa Mlandege, ikafuata ya mrejesho Mwanjelwa, na stekiholda wote, yaani wadau, mimi na dereva, tukajengewa uwezo kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi, meza kuu.)

Huko tukafundishwa kwamba utafiti wa tiba unataka makundi mawili: moja linatibiwa, na lingine, kundi linganishi, halipewi kitu, ili tulinganishe. Nikajiuliza kama kiongozi: niwabague wananchi wangu? Nani apate, nani akose? Nikatenda haki. Washiriki wote mia sita arobaini nikawaweka kundi linganishi. (Mbuzi analia.)

(Seni, mtoto wa Bibi Mbuke, anasimama: "Mheshimiwa, si ni nyie mlikataza tusimpeleke mama hospitali? Mkasema tutaharibu data! Jicho la kulia limeshakufa!")

Swali zuri sana, kijana. Tuliwakataza, mkatii, na utii wenu ni mfano wa kuigwa mpaka Chunya. Jicho la kulia limeingia kwenye takwimu.

(Seni: "Na hili la kushoto, ambalo bado linaona kidogo, mtalitibu lini?")

(Bibi Mbuke: "Mwache, Seni, mkubwa amechoka na safari. Ila mie sitaki takwimu, baba. Nataka jicho." Vicheko, vigelegele.)

Bibi yangu, nalifikia. Kwanza tuitikie kaulimbiu: Macho yetu! Nasema, macho yetu! (Sauti nyuma: "Yako wapi?") Ahsanteni.

Nawashukuru wafadhili, ambao tunaendelea kuwatafuta. Daktari wetu wa upasuaji, ambaye nafasi yake itatangazwa. Na kliniki yetu ya kisasa, ambayo mmeiona wenyewe kwenye bango. (Watu wanaanza kuinuka.)

Kaeni, namalizia na jicho la kushoto. Majina yenu yalikuwa bado yamejaa kwenye orodha ya hospitali ya wanaosubiri kupasuliwa, jambo linalotia doa utafiti uliofana namna hii. Jana saa tisa alasiri niliandika taarifa ya mwisho kwamba washiriki wote wamepona, nikayafuta majina yote, nikaipeleka hospitali mwenyewe kwa mkono. Hongera, Bibi Mbuke: tangu jana unaona.