Mnara wa Taa kwa Ajili ya Annexe

Lubumbashi, Commune Annexe
Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Vivutio na Matembezi,
Lubumbashi

Yahusu: Ombi la kujengewa mnara wa taa, pamoja na malalamiko yanayoambatana nalo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote unaofanya nao kazi, pamoja na yule dada wa mapokezi aliyenirudisha mara tatu akisema sina rendez-vous ya kukuona. Mimi ni André Bwalya, mstaafu wa reli. Nilikuwa mlinzi wa barrière, pale barabara inapokata reli. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote taa yangu haikuchelewa kuwashwa hata jioni moja. Sisemi haya kwa kujisifu, ila ujue kwamba anayekuandikia habari za taa anazijua.

Binti yangu Lydie ameolewa na kijana anayeitwa Hénoc. Wanaishi Bretagne, pwani ya Ufaransa, mahali nchi inapoishia na maji kuanza. Huu ni mwaka wa tano hawajakanyaga Lubumbashi. Wana mtoto wa miaka minne, Plamedie, ambaye mimi namjua kwa simu tu. Kila likizo, badala ya kuja nyumbani, wanatembelea minara ya taa ya kuongozea meli, ile inayoitwa phare. Wana kitabu kidogo kinachogongwa muhuri kwa kila mnara wanaoupanda, na mpaka sasa wana mihuri ishirini na mitatu.

Mwezi uliopita nilimuuliza Lydie kwa simu, bila kuzunguka, kwa nini hawaji. Akasema: "Papa, tuko na hamu ya kukuya. Lakini kule kwetu kuko kintu kimoya kinakosekana. Muulize mama." Sikumuuliza mama yake, kwa sababu mama yake hajui chochote kuhusu minara. Nilifungua picha zilizomo kwenye simu yangu, zote ni za phare, na mtu aliyekaa barrière miaka thelathini na mmoja anajua kusoma ishara. Kinachokosekana Lubumbashi ni mnara wa taa. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuhusu mnara wenyewe. Kule Bretagne iko mingi, mingine inaonana. Sisi, pamoja na ukubwa wa mji wetu, hatuna hata mmoja. Mtu mmoja wa ofisini kwenu alinijibu kwamba minara hujengwa kando ya bahari. Jibu hilo halikunitosheleza. Mnara unajengwa mahali ambapo kuna mtu anayesubiriwa afike salama, na mimi nasubiri watatu.

2. Kuhusu bahari. Mkisisitiza lazima iwepo, basi ipo. Kuanzia Novemba hadi Machi avenue yetu yote ni maji. Yanapanda mvua ikinyesha na kushuka jua likitoka, na Lydie ameniambia bahari ya kwao nayo hupanda na kushuka, na watu hukaa kuitazama. Wiki iliyopita lori la makala ya kupikia lilizama hadi milangoni mbele ya parcelle, yaani ua wa nyumba, ya jirani yangu Julienne, na bado liko pale. Kule kwao chombo kilichozama huwekewa kibao cha maelezo na benchi. Hapa watu wanachota makala tu na kuondoka. Naomba kibao na benchi.

3. Kuhusu njia za matembezi. Kando ya bahari yao kuna njia ndefu ambayo zamani askari wa forodha waliipita kwa miguu wakiwinda wafanya magendo. Leo watu wanatoka mbali kuja kuitembea kwa raha, kila mmoja na fimbo mbili mikononi, na wala hakuna mgonjwa kati yao. Mheshimiwa, Mokambo kuna njia za namna hiyo nyingi, zinazoingia Zambia kupitia porini. Watu wanazipita kila asubuhi na baiskeli za unga ili wasiwasumbue watu wa forodha kazini. Njia zetu bado ziko hai, lakini sijaona mtu hata mmoja aliyekuja kuzipiga picha.

4. Kuhusu nafasi yangu kuchukuliwa. Katika picha ya mwisho Plamedie amemshika mkono mzee anayelinda mnara, mwenye ndevu nyeupe na sweta la bluu. Chini yake Lydie ameandika kwamba mtoto alimwita mzee huyo nkambo. Nkambo, yaani babu, ni mimi. Sina ubaya na mzee yule, ana sura ya mtu mwema, na kazi yake na ile yangu ni ndugu. Lakini mjukuu ni wangu. Iliniuma, Mheshimiwa, na niliitazama picha ile mpaka simu ikaisha chaji.

5. Kuhusu dharau. Nataja jambo hili kwa uchungu. Siku iliyofuata harusi, Hénoc alikuja kutuaga. Mke wangu Honorine alikuwa amepika bukari, samaki, sombe na kuku wawili. Kijana alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa parcelle, akainamisha kichwa, hakugusa hata maji. Akasema, "Asante, mama, niko muzuri," akaondoka. Nikaelewa kwamba nyumba yetu ameiona ni ya chini. Na si kwamba sisi ni watu wa zamani! Kwenye harusi ile ile, mimi mwenyewe nilifuta ile sherehe ya wakina shangazi ya kumwonyesha mkwe moto, yaani kumpelekea vyungu vya chakula kwa nyimbo, kila chungu na kitambaa chake. Salle, ukumbi wa sherehe, tulikuwa nayo mpaka saa kumi na mbili tu, na orchestre ilikuwa inasubiri. Dada yangu mkubwa Chisanga, aliyekuwa ameshapika, hanisalimii vizuri hadi leo. Kwa hiyo asije mtu akatuambia hatujaendelea.

6. Kuhusu quartier Golf. Kule wanakokaa matajiri kila ukuta una taa zinazowaka zenyewe jua likizama, na ndani ya villa nyingine hamna mtu. Kama mwanga unaweza kusimama juu ya ukuta ukisubiri mwizi, unaweza pia kusimama Annexe ukisubiri mtoto.

7. Kuhusu jaribio langu binafsi. Sikutaka kuomba kabla ya kujitahidi. Jumamosi moja, saa moja ya jioni, nilichukua taa yangu ya kazi, ambayo reli waliniachia nilipostaafu, nikaitundika juu ya kichuguu kilichomo katika parcelle yangu, chenye urefu wa watu wawili. Nikakaa chini yake, kama mlinzi. Unajua mwenyewe kwamba hapa kwetu taa ikiwaka nje na mwenye nyumba amekaa chini yake kimya, basi kuna matanga. Julienne alifika wa kwanza. Alilia kwanza, akauliza baadaye nani amekufa. Waliofuata walileta viti, makala na mfuko wa unga, na kwaya ya parokia ilishamaliza nyimbo mbili kabla sijapata nafasi ya kueleza habari za mabaharia. Walikasirika sana kwamba hakuna maiti. Unga waliondoka nao. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba mnara ni lazima utoke serikalini, wenye karatasi zake.

Kwa sababu hizo zote, naomba Kamati itujengee mnara mmoja wa taa, mweupe wenye mikanda myekundu, kabla ya mwezi wa nane, ambao ni mwezi wa likizo kule kwao. Mlinzi msitafute, nipo. Muhuri wa kugonga kwenye kitabu nitauchonga mwenyewe kwa mpira wa tairi. Ikiwa mnara na bahari haviwezekani kwa pamoja, anzeni na mnara. Ikiwa hata mnara hauwezekani, basi iandikwe rasmi kwamba Commune Annexe iko pwani. Karatasi moja inatosha, na katika mji huu nimeona karatasi moja ikihamisha vitu vizito kuliko Annexe.

Nakushukuru kwa subira yako. Wasalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, wajumbe wote wa Kamati, dereva wako, na yule dada wa mapokezi, ambaye sina kinyongo naye.

Ni mimi, mlinzi asiye na barrière,

André Bwalya

N.B. Mheshimiwa, tafadhali barua hii ianze kusomwa hapa. Leo ni Alhamisi. Jumatatu, kabla ya kufunga bahasha, nilimpa Honorine aangalie makosa ya kuandika. Alipofika lalamiko la tano alivua miwani. Akasema: "Baba Lydie, ule mutoto hakukatalaka chakula yetu. Dada yako njo alimufundishaka: mukwe hakulake kwa bakwe mpaka bamuonyeshe moto. Akangoya. Weye ukafuta. Sasa ulitaka akule namna gani?" Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema: "Nilianzaka kukuambia mara ngapi? Kila mara unapandisha radio."

Nimeona aibu, sina neno jingine. Kijana alikaa mlangoni kwangu na njaa yake, akinusa kuku wawili, kwa heshima, na mimi nikaiita dharau. Binti naye hawezi kumdai baba yake jambo kama hilo; alinituma kwa mama yake, nikaenda kwenye picha. Jumanne nilikwenda kwa dada Chisanga. Aliniacha nisalimie mara tatu. Ya nne akauliza vyungu vingapi.

Jana nilimpigia Lydie nikamwambia kwamba vyungu viko tayari, na kwamba Hénoc atakutana na moto wake palepale mlangoni alipokaa, kabla hajaingia. Nilisikia anamwita mumewe huku analia. Wanakuja mwezi wa nane. Kwa hiyo naondoa ombi langu lote, isipokuwa benchi, maana wakina shangazi watakuwa wengi. Kama mmeshaandika kwamba Annexe iko pwani, acheni hivyo hivyo, haitudhuru.

Plamedie alichukua simu akataka kujua kama kwa nkambo kuna phare. Nimemjibu ipo moja, iko jikoni kwa bibi yake, ni fupi, na mlinzi wake amechelewa kuiwasha miaka mitano.