Gunia la Riyali Moja Moja

Jumanne, 3 Januari 2017, Jeddah
Wametoa sarafu za riyali moja na mbili! Noti ya riyali moja itaondoka polepole. Madereva wenzangu wanalalamika kwamba mifuko itatoboka. Mimi peke yangu naona mbali. Kenya ilipotoa sarafu ya shilingi arobaini, yangu niliilia mandazi. Leo nasikia inatafutwa. Sirudii kosa! Nauli yangu ya kwenda nyumbani ni noti tatu za mia tano. Nazipeleka mtaa wa Sharafiya, nizichenji ziwe noti za riyali moja moja kabla hazijatoweka.

Ijumaa, 6 Januari
Nimechenji zote kwa wauza simu. Gunia zima la mchele limejaa! Griffins, mlinzi wa geti la jirani, anasema nina wazimu. Wivu tu. Mchumba wangu Selipher amepiga kutoka Bungoma. Wazee wake wananingoja tarehe ishirini na moja kwa posa. Nisipofika, watamkaribisha Zacharia fundi cherehani. Nimemwambia ajiandae kuolewa na tajiri.

Jumapili, 8 Januari
Balaa! Madam, mke wa bosi, ameliona gunia. Akapiga kelele kwamba nimevunja sanduku la sadaka la msikiti. Nimeapa hadi sauti ikakauka. Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema babu yake alilipwa riyali za madini ya fedha, nzito, hizo ndizo za kutunza. Za kwangu? Akafungua droo: zimejaa tele. Akaniamuru nikate tiketi, kwani ruhusa ya kusafiri hatanipa tena mwaka huu. Nimelia chooni.

Jumatano, 11 Januari
Wakala wa tiketi amelikataa gunia. Wauza simu wamenifukuza. Nimekwisha! Nikamwangukia Griffins. Akalipeleka kwa mwenye mkahawa anayehangaika na chenji, akarudi na noti tatu za mia tano. Hakukata hata riyali moja. Kuokolewa na Griffins kunauma kuliko jino.

Jumamosi, 14 Januari
Nikielekea kwa wakala, nimekutana na mzee mwenye noti ya riyali ishirini. Ishirini! Madukani utaona tano, kumi, kisha hamsini. Hii ilitolewa kuadhimisha miaka mia ya ufalme. Amenipa noti kumi kama hiyo kwa nauli yote. Nimempigia Selipher kumweleza. Akasema Zacharia anakuja Jumamosi ijayo, nisimpigie tena. Moyo umepasuka. Nimelia mbele ya watu, bila aibu.
Mzee anasema anazo za mia mbili pia. Griffins anasafiri Machi. Nauli yake anayo tayari. Nitamwomba kesho.