Mwenza wa Chini ya Maji

Alhamisi, 13 Juni 2019

Avelina, huna haya! Tangu Pasaka hujakanyaga hapa. Kutoka kwako Alief hadi hapa kwangu Pearland, Houston hii hii, wali haujaiva umeshafika, na wewe mdogo wangu wa tumbo moja unanitumia picha za maua kwenye simu. Maua nile? Basi yangu utayasoma humu daftarini, kwa mwandiko wangu wa kuku.

Mjukuu wangu Glory anajifunza kupiga mbizi. Si baharini! Kwenye machimbo ya mawe, njia ya Dallas. Walichimba chokaa, wakaondoka, maji yakajaa. Sasa watu wanatoka miji ya mbali kuja kuzama humo kwa raha zao. Hospitali anakofanya kazi wamempa off ya siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Azame mara nne, apate kadi ya ruhusa ya kuzama, Desemba akazame Mafia aone samaki. Asipomaliza, safari imekufa.

Nimesema naenda naye. Akasema Bibi, uta-ni-embarrass, eti nitamtia aibu. Nimeshafunga kapu.

Jumamosi, 15 Juni

Lo! Shimo lile, Avelina! Kuta za mawe meupe zimesimama kama zimekatwa kwa kisu. Maji ya kijani, maangavu, unaona ngazi ikishuka. Chini wamezamisha basi la shule na ndege nzima, ili watu wakavitembelee. Hawana kazi hawa, lakini nimewapenda. Glory kavaa nguo ya mpira, mtungi wa hewa mgongoni, kaingia bila kupepesa jicho. Mimi hata bafuni naingia kwa sala. Mapovu yakapanda, nikapiga vigelegele peke yangu. Wazungu wakapiga makofi.

Kisha nikagundua jambo. Hakuna anayezama peke yake. Kila mtu na mwenza wake: anamkagua mikanda, haachani naye, na hewa ikimwishia mmoja wanavuta mtungi mmoja. Pumzi moja, watu wawili! Mwenza wa Glory ni Sheldon, kijana Mkenya, mrefu, anasalimia kwa mikono miwili. Nikajiuliza, aliye tayari kumpa mjukuu wangu pumzi yake kabakiza nini? Barua ya posa tu. Na Glory ana miaka ishirini na saba!

Jioni nikampigia bibi yake Sheldon, Loice, yule tunayekutana naye kwenye duka la unga pale Alief. Nikamwambia wazee wao waje na barua, mbuzi tutazungumza. Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaniuliza kama leo nimekunywa dawa zangu. Dharau!

Jumapili, 16 Juni

Balaa. Loice kamweleza Sheldon, na Sheldon ana mchumba, Wawira. Wawira kaamuru atoke majini leo leo. Kaondoka kabla ya chai. Kaniaga kwa mikono miwili, mtoto wa watu!

Mwalimu akasema asiye na mwenza hazami. Na mbizi mbili zimebaki! Glory hakunifokea. Alikaa juu ya jiwe, miwani mkononi, akaniambia polepole kwamba kwa ajili ya siku hizi mbili amefanya zamu za wenzake mwaka mzima. Bora angenitukana.

Nikavua viatu. Nikapita meza zote naomba mwenza wa mjukuu wangu, kwa Kiswahili, maana ndicho nilicho nacho. Nikamwashiria mwalimu anivalishe mimi. Akatazama kitenge changu, akatazama magoti yangu, akakataa.

Ndipo mtu nyuma yangu akasema, "Shikamoo, mama. Umepotelewa na nini?" Ni mzee mmoja, Melkiori, wa Mansfield kule upande wa Dallas, muuguzi mstaafu, naye ana cheti cha kumsaidia mwalimu. Shikamoo ananipa, na mvi zake zile! Akaacha kundi lake. Akamkagua Glory mikanda kama anayemfunga mtoto mgongoni. Wakashuka.

Nilihesabu mapovu, Avelina. Yalipokoma kuonekana nilikoma kupumua na mimi. Mara mbili walizama, mara mbili wakapanda. Kadi kapata! Kanikumbatia na maji yake yote, kasema bado kanikasirikia. Ana haki.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetubu. Glory kaniapisha juu ya Biblia: sitamtafutia mume tena. Nimeapa, na kiapo changu si cha mchezo. Yeye nimemwacha.

Ila huyu Melkiori. Mgane, mwaka wa sita. Meno yote yapo. Alipotoka kwenye kina kile nilimpa maandazi, akala manne, akauliza kayapika nani. Nikajibu ni mdogo wangu Avelina. Na wewe tangu shemeji afariki unakula mkate wa dukani. Juu yako sikuapa.

Nimemwalika chakula. Elirehema, baba yake Glory, atakuletea daftari hili kesho. Jumamosi uje saa sita, uvae gauni la bluu, na kabla hujafika uwe umejua kuumua maandazi.