Kizimu Kisicho na Rafiki, Darasa la Pili

Jumatatu, 21 Oktoba 2024
Nimepata dawa. Domitila, mtoto wa nesi aliyehamia hapa Jadida kutoka Bara, ana wiki ya tatu darasani kwangu na hana rafiki. Mapumziko anakula mkate peke yake dirishani. Mama yake kasema hali ikiendelea hivi atamrudisha Bukoba kwa bibi yake. Mwalimu Nadhira wa darasa la tatu kanishauri nimkalishe dawati moja na mwenzake Rahma, basi. Nikamwambia huo si ufundishaji. Kwenye kasha la vitabu vya msaada nimekuta viwili vya picha vya Halowini, sikukuu ya Wazungu ya kujivika mavazi ya kutisha. Kimoja kina kizimu kidogo kisicho na rafiki. Mwishowe wenziwe wanakipokea. Kingine kina boga lenye meno, nalo vilevile. Nimemwahidi Mkuu wa skuli, Mzee Abdulnasir, kwamba ifikapo Ijumaa Domitila atakuwa na marafiki. Kwa maandishi.

Jumanne, 22 Oktoba
Nimefungua ukurasa wa kizimu. Shuka jeupe, macho mawili. Yussuf akanyanyua mkono.
"Mwalimu, huyu maiti katoka na sanda yake kenda wapi?"
Nikaeleza kwamba si maiti. Akauliza mbona basi kavishwa sanda. Watoto wanne wakalia. Domitila hakulia, ila alizidi kujibana ukutani. Nadhira akachungulia mlangoni, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia somo linakwenda vizuri.
Jioni nimekichorea kizimu kofia ya kiua iliyodariziwa na ndevu, kipate sura ya kwetu.

Jumatano, 23 Oktoba
Habari ya sanda imekwisha. Darasa zima lilimtambua papo hapo: Mzee Abdulnasir, na kanzu yake. Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Mwenyewe alikuwa akipita. Alikitazama kitabu, akaniuliza kwa upole unaotisha kwa nini hana miguu.
Vitabu vyote viwili vimefungiwa kabatini kwake. Sivunjiki moyo. Picha ya boga imekatazwa. Boga lenyewe halijakatazwa.

Alhamisi, 24 Oktoba
Nimechonga boga tangu alfajiri, macho na meno. Kidole nimekifunga kitambaa. Nililiweka mezani, na kabla sijatamka neno akaingia Bi Mwanapili, bibi yake Rahma, anayeuza mihogo langoni.
"Mwalimu, chakula wakitia meno ya nini?"
Akalibeba. Nikamfuata nikimweleza ufundishaji. Hakugeuka. Akawasha moto, akawaita Rahma na Domitila wamkunie nazi. Domitila hajawahi kukalia mbuzi ya kukunia, akaikalia kinyumenyume. Rahma akacheka. Domitila naye akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Rahma akamgeuza, akamshika mikono, wakakuna pamoja.
Darasa zima limekula boga la nazi kwenye sinia moja. Mimi nilipewa sufuria nikwangue.

Ijumaa, 25 Oktoba
Domitila na Rahma wamekaa dawati moja. Nimewanyamazisha mara tatu. Mama yake Domitila alikuja kunishukuru. Safari ya Bukoba haipo tena. Nikageukia ubao nikafuta pasipoandikwa kitu.
Kisha nikaandika ripoti: “Mafanikio ya Vitabu vya Picha.” Nadhira akaisoma, akauliza sufuria iko ukurasa wa ngapi. Nikamjibu iko kwenye kiambatisho.

Jumamosi, 26 Oktoba
Nimekutana na Nadhira sokoni. Kasema wiki hii imetufunza jambo: watoto wapewe kazi ya pamoja, watu wazima wakae kando, watapatana wenyewe. Nimemsikiliza kwa heshima. Bado mgeni katika kazi, atajifunza.
Jumatatu naanza somo la ukweli. Jecha, mvuvi wa Wesha, kanipa taya zima la papa. Mtoto atatia mkono ndani, ndipo atasema nani anaiba chaki, kwa hofu ya kung'atwa akidanganya. Nimelijaribu leo nyumbani, kwa usalama wa watoto.
Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado umo ndani.