Maabara Yenye Kufuli Jipya

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye yuko njiani tangu juzi. Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe Mama Blandina, mwenyekiti wa kamati ya uzinduzi. Baba paroko na mchungaji, mliokaa mbalimbali hapo kama vile hamnywi chai pamoja. Wazee wa Rhotia. Wafugaji mliotoka Endulen na baridi yote hii. Vijana wa bodaboda, zimeni pikipiki. Mwalimu Hyasinta wa kemia na wanangu wa kidato cha nne, kila mtu nimemtaja, asininunie mtu! (Makofi.)

Ndugu wananchi, mimi shule niliishia darasa la nne, na leo ndimi ninayezindua maabara ya sekondari, sasa niambieni nani kasoma hapa? (Kicheko.) Mradi wetu wa Nyenzo na Mawazo kwa Walimu umejikita kwenye strateji, umejikita kwenye impakti, umejikita kwenye kapasiti bildingi ya mastekiholda wote, na maneno haya nimeyakariri tangu Jumapili, kwa hiyo naomba heshima. (Makofi.) Takwimu zinaonyesha ufaulu wa kemia utapanda kwa asilimia mia moja na arobaini, yaani hata ambao hawasomi hapa watafaulu! (Vigelegele. Mwalimu Hyasinta anaangalia viatu vyake.)

Najua baada ya wiki tatu watoto hawa wanaingia mtihani wa vitendo, na bureti, lile bomba refu la kioo la kupimia tindikali, wameliona ubaoni tu, limechorwa na chaki. Ndiyo maana tumewaletea maabara hii hapa nyuma yangu, yenye utepe mwekundu, yenye kibao kikubwa, yenye kufuli jipya.

(Goodness wa kidato cha nne anasimama: "Shikamoo Mama mwenyekiti. Tunaomba kuingia.")

Marahaba mwanangu. Subira. Vifaa vya kisasa vinaogopa vumbi.

(Goodness: "Na hayo maharage yanayotoka chini ya mlango?" Kicheko kirefu.)

Hiyo ni sayansi ya kilimo, kaa chini.

Sasa jamani, umbea mimi siupendi, mnanijua. Lakini nimesikia, na aliyeniambia ni Ester wa genge la nyanya, ambaye hadanganyi kitu isipokuwa umri wake, kwamba mwalimu Hyasinta hakutusubiri. Eti kamwomba Mzee Moloimet wa Endulen, baba yake Naishorua, lile bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, si lina mistari ya vipimo? Kalichemsha mara tatu, kalifunga kwenye mti wa ufagio, na watoto wanadondosha maji ya ndimu kwenye maji ya majivu yaliyotiwa rangi ya maua, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke. Juzi Naishorua alipopatia lile tone la mwisho, darasa lilipiga kelele mpaka nikatoka nyumbani na kanga moja nikidhani kuna moto! (Kicheko. Naishorua anajificha nyuma ya Goodness.)

Hayo ndiyo mawazo! Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, kuanzia sasa bomba hilo ni mali ya mradi, litapanda pikapu pamoja na kibao, kwa sababu kesho maabara hii tunaizindua kule kijijini Daa, keshokutwa tunaizindua Endulen, na wageni wanapenda kupiga picha wakiwa wameshika kifaa.

(Mzee Moloimet, kutoka nyuma, akiegemea fimbo: "Mama, bomba ni langu, nimewapa watoto. Ng'ombe wangu wamekubali kusubiri mpaka mtihani uishe. Wewe inakushinda?" Makofi marefu kuliko yote.)

Asante mzee, mchango wako tumeupokea, tutaufanyia mchakato. Elimu!

(Wananchi: "Ifunguliwe!")

Sayansi!

("Ifunguliwe!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mzee Isaya kwa kutuazima ghala lake hili, na magunia yako baba hatujayagusa, utepe ukishatoka endelea na maharage yako. Namshukuru fundi aliyechora kibao, maana ndicho mradi wote tulio nao. Na naishukuru maabara yenyewe, popote itakapojengwa na yeyote atakayeijenga. Haya Naishorua, mwanangu mzuri, leta bomba. Naishorua? Wamekwenda wapi hawa?

(Viti vya kidato cha nne ni vitupu. Darasani mlango umefungwa kwa ndani. Sauti ya Hyasinta: "Taratibu. Tone moja. Ngoja. Tena." Kisha kelele. Mama Blandina anaacha kipaza sauti, anakimbilia dirishani, anachungulia.)

Wee! Imegeuka! Ester, njoo uone, imegeuka kabisa! Katibu, usikae tu hapo, andika kwenye ripoti: maabara inafanya kazi!