Pongezi kwa Uamuzi wa Kutokuja Krismasi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Krismasi ya Familia, ambaye pia ni kifungua mimba wangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Presha yangu iko sawa, nimeipima mwenyewe kabla ya kushika kalamu ili asitokee mtu wa kusema kwamba niliandika nikiwa na hasira.

KUHUSU: UAMUZI WENU WA KUTOKUJA NYUMBANI KRISMASI HII

Nimeupata ujumbe wako wa juzi kwenye kundi la familia, kwamba kamati, yaani wewe na wadogo zako wawili, imekaa na kuamua kila mtu ale Krismasi kwake, "ili Mama apumzike." Umeniarifu pia kwamba nisiwe na wasiwasi, nitaletewa simu kubwa yenye kioo kipana ili siku hiyo tuonane kwenye video. Ujumbe huo niliusoma mara tatu. Mara ya tatu nilivaa miwani.

Nakuandikia kuunga mkono uamuzi huo kwa mikono miwili, na kuomba usiishie mwaka huu. Ufanywe wa kudumu. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, kama nilivyokuwa nikipanga ripoti ya zamu, kwa kuwa nyinyi wasomi msipowekewa namba hamwelewi.

1. Kupumzishwa kwangu. Mkifika tu, hata mabegi hayajatua chini, mnaninyang'anya vyombo mkononi. Mama kaa. Mama tulia. Mama acha, hiyo nzito. Hiyo nzito ni birika. Mimi nimesimamia wodi ya vitanda arobaini, nimegeuza wagonjwa wa kilo tisini peke yangu, nimewatoa madaktari nje kwa sababu ya viatu vya matope, lakini katika nyumba yangu mwenyewe siaminiki na birika la chai. Mwaka jana mlinikalisha kwenye kochi la pembeni, mkanifunika shuka miguuni huku jasho likinitoka, mkaniwashia televisheni ambayo sikuiomba. Nilikaa pale siku tano kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Nilichoka kupumzika hadi mgongo ukaniuma.

2. Jiko langu. Mkeo, mkamwana wangu, ni binti mzuri na simsemi vibaya. Nasema tu kwamba alilipanga upya jiko langu bila kuulizwa, na kwamba chujio la chai nililiona mwezi wa tatu, ndani ya kikapu cha nguo za kupiga pasi. Chumvi aliipeleka juu kabisa, mahali ambapo mtu wa kimo changu anaifikia kwa stuli, halafu mnashangaa kwa nini napanda stuli. Makopo yangu matupu, niliyoyatunza miaka kumi na moja kwa kazi maalumu, aliyatupa yote. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole kwamba ni uchafu. Kazi maalumu yenyewe siwezi kuitaja kwa sasa, lakini ilikuwepo.

3. Dawa zangu. Mdogo wako wa kike, kwa kuwa ni mwalimu, hawezi kuona mtu bila kumfundisha. Kila asubuhi anakuja na glasi ya maji, ananisomea maandishi ya pakiti kwa sauti, polepole, neno moja moja, kisha anasubiri nimeze na kufungua mdomo aone. Wauguzi niliowafundisha kugawa dawa ni wengi kuliko wanafunzi wote wa darasa lake. Mmoja wao ndiye aliyemchoma yeye chanjo zake zote. Namfungulia mdomo kwa sababu nampenda, lakini jambo lenyewe ni la kunidhalilisha na naomba liandikwe hivyo.

4. Picha. Kitinda mimba wetu hawezi kula mpaka chakula kipigwe picha, na chakula hakiwezi kupigwa picha mpaka tuwe tumevaa nguo za kitambaa kimoja, mimi nikiwa katikati kama kombe la mpira. Mwaka jana tulisimama kwa muda wa saa mbili kasoro robo. Mara mwanga, mara mtoto amefumba macho, mara wewe baba mzima umeingiza tumbo ndani ukasahau kupumua. Nyama ilipoa ikaganda mafuta. Jioni nikaambiwa nimewekwa mtandaoni na maneno "Malkia wetu." Malkia alikuwa hajala tangu saa moja asubuhi.

5. Kukoroma kwako. Unajijua.

6. Wajukuu. Saba kwa hesabu, ishirini kwa kelele. Wanakula kana kwamba huko kwenu mnawafungia kabati. Bomba la bafuni waliliziba kwa soksi, na soksi hiyo mpaka leo haina mwenyewe. Kila mwaka wanajipima urefu kwenye ukuta wa korido na kuchora mistari kwa kalamu ya wino, na mkubwa wao amenipita sasa, jambo ambalo sikuombwa ruhusa. Fundi rangi alikuja mwezi wa tano. Nilimkataza kugusa upande ule wa ukuta. Nauhifadhi kama ushahidi.

7. Minong'ono. Usiku mkidhani nimelala mnasimama koridoni na kujadili afya yangu. Mama amekonda. Mama anarudia maneno. Mama anachoka sana tukija. Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi wodini, na wanaonong'ona miguuni mwa kitanda nawajua. Mgonjwa husikia kila kitu. Na mara nyingi ndiye pekee ambaye hajaulizwa.

8. Hiyo simu. Hapa naomba kamati inisaidie kuelewa. Siku hiyo mtakuwa mezani kwenu, kila mtu kwake, na mimi nitakuwa ndani ya kioo. Je, mtaniweka wapi? Nimefikiri sana na naona nitaegemezwa kwenye jagi la maji. Mtu akitaka maji, mama ataanguka kifudifudi. Mtoto akimwaga mchuzi, mama atafutwa kwa kitambaa. Nitawaona mkila, nami huku nitakuwa na sahani yangu, nimevaa vizuri kuanzia kiunoni kwenda juu. Halafu chaji itaisha katikati ya sala, mama atazimika, na mtaendelea kula kwa amani, kwa sababu atakuwa amepumzika.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, uamuzi wa kutokuja uandikwe na kusainiwa na nyote watatu, nakala moja niibandike jikoni mahali ambapo mkeo hatanihamishia. Pili, kama kupumzika ni dawa nzuri kiasi hicho, msinipe dozi ya nusu nusu. Msije hata Pasaka. Msije hata mwezi wa nane. Msinipigie Jumapili jioni, maana nikipokea simu nanyanyua mkono, na mkono nao unachoka. Tatu, siku yangu ya kuzikwa muifanye kwa video vilevile, kila mtu kwake, mimi nimeegemezwa mahali. Hapo nitakuwa nimepumzika kweli na kamati itakuwa imemaliza kazi yake.

Sina neno jingine. Nisalimie mkeo, mwambie chumvi nimeishusha. Wasalimie wadogo zako, mwalimu umwambie dawa nameza. Wajukuu uwasalimie mmoja mmoja kwa zamu, si kwa jumla, maana yule wa nne hujificha nyuma ya wenzake akakosa salamu.

Ni mimi, niliyewazaa nyote watatu bila kamati,

Mama yenu,
Muuguzi Mkuu wa Wodi (Mstaafu)

Tanbihi: Barua ilikwisha kufungwa, nimeifungua tena. Mwalimu amenipigia sasa hivi kunieleza kwamba uamuzi wenu ulitokana na maneno yangu mwenyewe. Eti mwaka jana gari lilipokuwa likitoka getini nilisema, "Haya, sasa na mimi nitapumzika," na wewe ukayasikia dirishani ukayabeba moyoni mwaka mzima. Ni kweli nilisema. Niliyasema maneno hayohayo kila jioni nikivua viatu vya zamu, kwa miaka thelathini na mmoja, na kila asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa nimesharudi wodini mbio. Hakuna siku hata moja niliyoomba wagonjwa wasije. Nilipofunga geti lile mwaka jana nilikwenda kukaa kwenye kitanda chenu kimoja ambacho hakijatandikwa, nikalia, na sikukitandika mpaka Ijumaa. Nyumba hii inanitisha ikiwa kimya, mwanangu. Magodoro yote tisa yako juani tangu asubuhi. Njooni mnichoshe.